Kufundisha Kazi za Mikono kwa Makopo Matupu: Vyombo vya Kuhifadhia Vifaa vya Darasa

Utangulizi

Katika shule zetu za msingi kuna masomo ambayo mwalimu huyaahirisha kwa kisingizio cha ukosefu wa vifaa, na aghalabu kazi za mikono huwa za kwanza kuahirishwa. Lakini ukichunguza kwa makini utaona kwamba mara nyingi vifaa havikukosekana tangu mwanzo. Vilikuwapo, kisha vikapotea. Sindano zilizonunuliwa mwanzoni mwa mwaka huanguka sakafuni moja moja, mikasi hupata kutu pembeni mwa kabati, brashi hukaukiwa na rangi hadi zikawa ngumu kama vijiti. Somo hufa si kwa umaskini wa shule peke yake, bali pia kwa sababu vile vichache vilivyopatikana havikuwa na mahali pake pa kukaa.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Yataeleza namna ya kuendesha somo la kugeuza makopo, chupa na maboksi yaliyokwisha kazi nyumbani kuwa vyombo vilivyopambwa vya kuhifadhia vifaa vya kazi za mikono. Jina la somo hubadilika kwa kadiri mitaala inavyobadilika: limewahi kuitwa Kazi za Mikono, Sanaa na Ufundi, Stadi za Kazi, na mengineyo. Jambo la msingi halibadiliki. Mwanafunzi hana budi kufikiri kwa akili yake na kutenda kwa mikono yake kwa wakati mmoja.

Hoja kuu ya makala haya ni moja: somo hili lianze na kitu kitakachohifadhiwa, wala lisianze na kopo; tena lisihesabiwe kuwa limekwisha mpaka chombo kiwe kazini. Kopo lililopambwa vizuri likapangwa dirishani ili wageni walione, huku sindano za darasa zikiendelea kupotea, ni kazi isiyokamilika.

Kopo tupu si taka

Kosa linalofanywa mara nyingi ni mwalimu kutoa amri siku moja kabla ya somo: "Kesho kila mmoja aje na kopo tupu." Amri hiyo huonekana nyepesi, kwa kuwa mwalimu hudhani kwamba kitu kitupu hakina thamani. Sivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Kopo la maziwa ya unga likiisha maziwa hugeuka kata ya kuchotea maji mtungini, kipimo cha karanga au dagaa gengeni, au chombo cha kuogea. Fundi bati huligeuza kopo kuwa kibatari. Debe hubeba maji na kupima mahindi. Dumu la mafuta ya kupikia husafiri kisimani kila siku. Vitu hivi ni vitupu kwa maana ya kwamba kilichonunuliwa ndani yake kimekwisha, lakini kazi yake haijaisha.

Hivyo basi, mtoto aliyeagizwa kopo ghafla huwa na njia mbili tu. Ama huchukua kopo ambalo bibi yake analitumia, bila ya kuomba, ama huja mikono mitupu. Akifanya la kwanza, shule imemfundisha kuchukua cha watu. Akifanya la pili, huenda akasimamishwa mbele ya wenzake na kuulizwa kwa nini hakuleta, na jibu la kweli, yaani kwamba kwao hakinunuliwi kitu cha makopo, ni jibu ambalo mtoto hawezi kulisema hadharani. Somo lililokusudiwa kumfundisha kujitegemea litakuwa limemfundisha kuona haya kwa hali ya nyumbani kwao.

Kwa sababu hiyo mwalimu mwanafunzi anashauriwa kufanya yafuatayo:

(a) Aanzishe akiba ya makopo na maboksi ya darasa majuma matatu au manne kabla ya somo. Atafute mwenyewe madukani, kwa mama lishe, katika mikahawa na katika nyumba za walimu.

(b) Awaambie wanafunzi kwamba atakayeona kopo lisilo na kazi nyumbani, baada ya kuuliza wakubwa wake, anaweza kulileta. Asitoe idadi wala asiandike majina ya walioleta.

(c) Vyote vitakavyopatikana viwekwe pamoja, visiwe vya mtu mmoja mmoja. Siku ya somo kila kundi lichague kutoka katika akiba hiyo. Kwa njia hii hakuna atakayejua nani alileta na nani hakuleta.

(d) Pale ambapo makopo ni adimu, vitumike vyombo vya asili ya mahali. Vifuu vya nazi hupatikana pwani, na mianzi hupatikana kwa wingi katika nyanda za juu za kusini kama Iringa na Njombe. Pingili moja ya mwanzi iliyokatwa chini ya fundo ni kopo kamili lenye kitako chake.

Kuchagua vyombo

Kabla ya kukubali chombo chochote darasani, mwalimu ajiulize kilikuwa na nini ndani. Kuna vyombo ambavyo havifai kabisa, hata vikisafishwa mara kumi. Navyo ni vile vilivyokuwa na dawa za kuulia wadudu wa pamba, kahawa au mboga, dawa za kuogeshea mifugo, sumu ya panya, maji ya betri, na mabaki yoyote ya zahanati. Chombo chenye alama ya fuvu la kichwa na mifupa kisiingie darasani hata kwa kutazamwa. Katika sehemu zinazolima pamba na kahawa onyo hili litolewe mapema na lirudiwe, maana vikopo hivyo hutupwa mashambani na watoto huviokota. Makopo ya rangi ya mafuta pia yaachwe. Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto.

Vyombo vinavyofaa vyaweza kugawanywa katika aina nne:

1. Makopo ya chuma yenye kifuniko cha kubonyea, kama ya maziwa ya unga na kakao. Haya ndiyo bora kwa wanaoanza, kwa sababu ukingo wake umekunjwa kiwandani na haukati.

2. Makopo ya chuma yanayofunguliwa kwa kifungulio, kama ya nyanya na samaki. Yanafaa, ila ukingo wake ni mkali na lazima ushughulikiwe na mwalimu kwanza.

3. Chupa na madumu ya plastiki. Hukatika kwa urahisi na hayapati kutu. Lakini chupa nyembamba za maji hulegea na kujikunja zikitiwa kitu cha moto, kwa hiyo zisimiminiwe uji wa gundi uliotoka jikoni.

4. Maboksi ya kadibodi na ya viberiti. Haya yafaa kwa watoto wadogo, mradi yasiwekwe mahali penye unyevu.

Inafaa mwalimu aeleze kwa ufupi asili ya kopo lenyewe, kwani maarifa hayo yana matumizi katika kazi. Hataza ya kuhifadhi chakula katika makopo ya chuma kilichopakwa bati ilitolewa Uingereza mwaka 1810 kwa Peter Durand. Tangu hapo ufundi umebadilika, lakini kopo la nyanya bado ni bamba jembamba la chuma lililofunikwa kwa utando wa kukinga kutu. Utando huo ukikwaruzwa, kutu huanzia hapo hapo. Ndiyo maana kopo lisisuguliwe kwa mchanga wala kwa sufuria ya chuma. Karatasi ya nje iondolewe kwa kulilowesha kopo katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Kama shule ina sumaku, wanafunzi waijaribu: itanasa kopo la nyanya, lakini haitanasa kopo la soda, kwa sababu kopo la soda kwa kawaida ni la alumini. La soda ni laini mno na ukingo wake uliokatwa ni kama wembe, kwa hiyo tusilitumie.

Kuanza na kitu

Sasa tufike kwenye kiini. Mwalimu asiingie darasani na kopo lililokwisha kupambwa akasema, "Tengenezeni kama hili." Akifanya hivyo atapata makopo sitini yanayofanana, na fikra moja tu, nayo ni yake. Badala yake aingie na vifaa vyenyewe vya darasa: mikasi, sindano, nyuzi, penseli, brashi, rula. Avitandaze juu ya meza kama vilivyo, vimechanganyika, kisha aulize maswali. Mazungumzo yaweza kuwa hivi:

Mwalimu: Mkasi huu una urefu gani?
Mwanafunzi: Sentimita 14, mwalimu.
Mwalimu: Tukiusimamisha katika kopo hili lenye kimo cha sentimita 11, itakuwaje?
Mwanafunzi: Utatokeza juu kidogo. Tutaweza kuushika.
Mwalimu: Na penseli hii iliyobaki sentimita 6?
Mwanafunzi: Itazama ndani. Hatutaiona.
Mwalimu: Basi tufanyeje?

Hapo mwalimu anyamaze. Wanafunzi watatoa majibu mbalimbali: mmoja atasema kitako kiinuliwe kwa kadibodi, mwingine atasema kikopo kifupi kiwekwe ndani ya kirefu, wa tatu atasema penseli fupi ziwe na kisanduku chake cha kiberiti. Yote yana maana, na kila kundi litajaribu lake. Kwa maswali machache wanafunzi watakuwa wamegundua kanuni ambayo mwalimu angeweza kuiandika ubaoni bila ya faida: umbo la chombo hutokana na umbo la kinachohifadhiwa.

Kutokana na maswali ya namna hii zitapatikana kanuni nyingine tatu. Kwanza, kitu kinachosimama wima kifichwe nusu yake au zaidi kidogo, ama sivyo kitaangusha chombo. Kopo likiwa jepesi, changarawe chache ziwekwe chini na kufunikwa kwa kipande cha kadibodi. Pili, brashi husimamishwa nywele zikiwa juu, kwa hiyo kopo lake lisiwe na kifuniko. Tatu, sindano haziwekwi wazi. Huchomwa katika kimto kidogo cha kitambaa kilichojazwa sufi, kila moja ikiwa na uzi wake, ili ikianguka ionekane. Chini ya mikasi huwekwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kuzuia kutu.

Matayarisho ya mwalimu

Kazi mbili zifanywe na mwalimu mwenyewe kabla ya somo.

Ya kwanza ni ukingo. Kila kopo lililofunguliwa kwa kifungulio lipitishwe mikononi mwa mwalimu. Meno ya chuma yaliyobaki yakunjwe kwa ndani na kubanwa kwa koleo, kisha kopo livishwe kwenye gogo la mviringo na ukingo ugongwe taratibu kwa nyundo, halafu upigwe tupa. Mwishowe pitisha kitambaa cha pamba kuzunguka ukingo wote: kikinasa popote, mtoto angekatwa hapo. Kipimo hiki cha kitambaa ni rahisi na hakidanganyi.

Ya pili ni gundi. Gundi ya dukani ni ghali kwa darasa kubwa, na unga wa muhogo watosha. Chukua kikombe kimoja cha unga uliochekechwa, ukoroge kwanza katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe. Kisha umimine katika vikombe vinne vya maji yanayochemka huku ukikoroga bila kupumzika, hadi uji upoteze weupe na kuanza kung'aa. Epua uache upoe. Gundi hii ipikwe ya kutosha siku ile tu, maana ikilala huchacha. Tena mende na panya huipenda, kwa hiyo ipakwe nyembamba na kazi ikaushwe vizuri mahali penye upepo. Kopo lililopakwa gundi nene huota ukungu ndani ya juma moja na karatasi yake hubanduka.

Mfano wa somo: Darasa la Tano

Muda: Vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana, na kipindi kimoja cha juma linalofuata.

Shabaha: Hadi mwisho wa somo kila kundi liweze (i) kuchagua chombo kinacholingana na vifaa lililopewa, (ii) kupima na kukata karatasi inayolizunguka kopo bila ya kupungua wala kuzidi, (iii) kupanga nakshi inayojirudia kwa nafasi sawa, na (iv) kuweka utaratibu wa kutoa na kurudisha vifaa.

Zana: Makopo kutoka akiba ya darasa, magazeti na karatasi za kaki, vipande vya kanga na vitenge kutoka kwa mafundi cherehani, gundi ya muhogo, uzi, rula, penseli, mikasi, mkaa, udongo mwekundu uliochekechwa, bizari ya manjano.

Mpango wa darasa: Tuchukue darasa la wanafunzi 60. Ligawanywe katika makundi kumi ya watu sita. Kila kundi litengeneze chombo kimoja tu kikubwa cha kundi pamoja na viambatisho vyake. Vyombo kumi vinavyotumika ni bora kuliko makopo sitini yasiyo na kazi.

Hatua ya kwanza (dakika 15). Maswali juu ya vifaa, kama tulivyoeleza. Kila kundi lipewe fungu lake, mathalani mkasi mmoja, sindano mbili, penseli tatu, brashi moja na rula moja fupi. Kundi lihesabu na kuandika.

Hatua ya pili (dakika 10). Kila kundi litume mtu mmoja achague chombo katika akiba. Akirudi, kundi lijaribishe vifaa ndani yake na kueleza kwa nini kinafaa. Likiona hakifai, libadilishe.

Hatua ya tatu (dakika 20). Kupima. Wanafunzi wazungushe uzi kuzunguka kopo mara moja, waukate, waunyooshe juu ya rula. Wale waliokwisha kufundishwa mzingo wa duara wahakikishe kwa hesabu: kopo lenye kipenyo cha sm 7 lina mzingo wa 22/7 × 7, yaani sm 22. Karatasi itakatwa urefu wa sm 23, kwa kuwa sm 1 ni ya kupandia gundi. Kimo kikiwa sm 11, eneo litakaloonekana ni 22 × 11, yaani sm 242 za mraba. Mwanafunzi aliyelishika kopo mkononi hatasahau upesi kwamba ubavu wa mcheduara ukikunjuliwa huwa mstatili.

Hatua ya nne (dakika 25). Kupanga nakshi na kuibandika. Maelezo yake yanafuata hapa chini.

Hatua ya tano (dakika 10). Kusafisha. Muda huu usiliwe na hatua nyingine. Darasa linalotoka likiacha gundi juu ya madawati halikujifunza kazi za mikono.

Kipindi cha tatu. Kazi ikiwa imekauka, kila kundi litengeneze kimto cha sindano, lipange vifaa ndani, na kumchagua mtunza kopo wa juma.

Nakshi na maana yake

Walimu wengine hudhani kwamba mapambo ni sehemu ya kuburudisha tu baada ya kazi ya kweli kwisha. Mawazo hayo yaachwe. Watu wetu wamepamba vyombo vyao tangu zamani, na mapambo hayo yalikuwa na kazi. Kibuyu cha maziwa cha Wamaasai hupambwa kwa ngozi na shanga. Makasha ya Zanzibar na Lamu hupigiliwa misumari ya shaba kwa safu zilizopimwa. Katika kanga, nakshi hufuata mpango unaojulikana: kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji ulio katikati, na kuna jina, yaani maneno yaliyoandikwa sehemu ya chini ya mji.

Mpango huu wa kanga wafaa sana kwa kopo. Mkanda wa juu na wa chini uwe pindo. Katikati pawe mji, na humo wanafunzi wachore au wabandike picha ya kila kifaa kilichomo, kwa idadi yake kamili: mkasi mmoja, sindano mbili, penseli tatu. Chini ya mji liandikwe jina, ambalo kundi lenyewe litalichagua. Huenda wakapenda methali kama "Akiba haiozi" au "Haba na haba hujaza kibaba", na hapo mwalimu apate nafasi ya kueleza kwamba kibaba ni chombo cha kupimia nafaka, na vibaba vinne ni pishi moja. Kopo likikamilika kwa namna hii, nakshi yake ndiyo daftari lake. Mtoto yeyote, hata asiyejua kusoma vizuri, ataangalia mji na kujua ni kitu gani kimepungua.

Kuna tatizo moja la kupendeza ambalo wanafunzi watakutana nalo. Ua likichorwa lenye upana wa sm 4 na kurudiwa kulizunguka kopo lenye mzingo wa sm 22, maua matano yataenea na nusu ya ua itabaki. Pindo halitafunga. Mwalimu asiwaonye kabla. Waache waligundue, kisha waulize upana gani utafunga. Watapata kwamba sm 2 hutoa maua 11, na sm 5.5 hutoa maua manne. Makundi yasiyopenda hesabu yapewe njia ya kukunja: karatasi ikishatengewa ile sm 1 ya gundi, sehemu iliyobaki ikunjwe katikati mara tatu. Zitapatikana sehemu nane zilizo sawa bila ya rula, na nakshi itafunga kwa kopo la ukubwa wowote.

Kuhusu rangi, mkaa uliosagwa hutoa nyeusi, udongo mwekundu hutoa rangi ya kutu, na bizari hutoa manjano ijapokuwa hupauka juani. Zote huchanganywa na gundi nyepesi ya muhogo.

Pwani na visiwani, ambako watoto wengi huwaona mama zao na shangazi zao wakisuka, kopo laweza kuvikwa ukili badala ya karatasi. Ukili wa ukindu wenye upana wa sm 2 ukizungushwa mara tano hufunika sm 10 za kimo, na sm 1 iliyobaki huachwa kwa ukingo wa kitambaa. Mizunguko mitano ya sm 22 ni sm 110, na kidogo cha kufungia. Kila mzunguko ushonwe na mwenzake kama ukili wa mkeka unavyoshonwa. Hapa mwalimu asione haya kumwalika mama mmoja wa kijijini aonyeshe kazi hiyo. Mwanafunzi akimwona mama yake au jirani yake amesimama mbele ya darasa kama mwalimu, atakuwa amejifunza jambo ambalo halimo katika andalio la somo.

Kulingana na madarasa mengine

Darasa la Kwanza na la Pili watumie maboksi ya viberiti na ya kadibodi pekee, wakibandika bila ya kukata kwa mikasi yenye ncha. Maboksi sita ya viberiti yakigundishwa pamoja ni kabati ndogo ya vifungo na mbegu za kuhesabia. Darasa la Tatu na la Nne watumie chupa za plastiki zilizokatwa na mwalimu, na ukingo uliozungushiwa kitambaa. Darasa la Sita na la Saba waweza kutoboa chuma kwa nyundo na msumari. Kopo lijazwe kwanza mchanga uliolowana na kushindiliwa, ili ubavu usibonyee linapogongwa, na mchoro wa matundu uchorwe juu ya karatasi iliyobandikwa. Ncha zinazotokeza ndani zipigwe tupa mchanga ukishatolewa, na kopo hilo lihifadhi kamba au vipande vya vitambaa, lisihifadhi kitu kinachohitaji mkono kuingia hadi chini.

Kupima kazi

Kwa desturi kazi hupewa alama siku inapokamilika, na kopo lenye rangi nyingi hushinda. Tunapendekeza alama 20 zigawanywe hivi: kufaa kwa chombo kwa vifaa vyake, alama 4, usahihi wa vipimo, alama 4, nakshi na kufunga kwake, alama 4, uimara na usafi, alama 4. Alama 4 za mwisho zisitolewe siku hiyo. Zingoje majuma mawili, kisha mwalimu aje na daftari lake na kuhesabu vifaa vya kila kundi mbele ya darasa. Kundi ambalo vifaa vyake vyote vipo na havina kutu lipate zote nne. Kundi lililopoteza kitu lisiadhibiwe. Liulizwe kama chombo chake kina kasoro, na lipewe nafasi ya kukirekebisha. Mara nyingi litagundua kwamba sindano ilipotea kwa sababu kimto kiliwekwa chini ya mkasi, mahali ambapo hakuna aliyejali kukitazama.

Hitimisho

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alikosoa elimu iliyomtenga mwanafunzi na kazi za jamii yake. Baadaye katika shule nyingi fikra hiyo ilichukuliwa kuwa ni jembe na shamba tu, na pengine kazi hiyo ikafanywa bila ya mafunzo ndani yake. Somo la makopo ni dogo, lakini laonyesha kwamba kazi na fikra huweza kukaa katika kipindi kimoja. Mtoto hupima, hugawanya, huchora, huandika, hushauriana, na mwisho hubaki na wajibu wa kila siku.

Mwalimu mwanafunzi atakapohamia shule nyingine baada ya mazoezi yake, ataacha nyuma makopo kumi na watoto wanaojua kila kitu kinakaa wapi. Mwalimu atakayemfuata atakuta sindano zipo, na ataweza kufundisha.

Maswali ya kujadili vikundini

1. Katika kijiji au mtaa unaotoka, taja kazi tano ambazo kopo tupu hufanya nyumbani. Ni vyombo gani huko ambavyo kweli havina kazi tena?

2. Kopo lina kipenyo cha sm 10.5. Tafuta mzingo wake kwa kutumia 22/7, kisha pendekeza pana tatu za nakshi zitakazofunga bila ya kubakiza.

3. Mwanafunzi mmoja amekuja na kikopo cha dawa ya kunyunyizia pamba, amekiosha kikang'aa, naye anajivunia usafi wake. Utamwambiaje ili ajue hatari iliyopo bila ya kuvunjika moyo?

4. Andaa somo la kipindi kimoja kwa Darasa la Pili ukianza na mbegu za kuhesabia badala ya maboksi. Onyesha maswali utakayouliza na mahali utakaponyamaza.